Amefaulu, Lakini Aende Wapi?

Kila Januari Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, nyumba nyingi za Ibadakuli, pembezoni mwa mji wa Shinyanga, hukumbwa na furaha yenye wasiwasi ndani yake. Mtoto ana daraja la IV, na mtangazaji wa redio amesema daraja la IV ni ufaulu. Miezi michache baadaye orodha ya waliochaguliwa kidato cha tano inatoka na jina halimo. Mzazi anakwenda shuleni kuuliza kulikoni. Anajibiwa kwamba mtoto amefaulu, ila hana sifa.

Jibu hilo ni sahihi, na ndilo linalowachanganya watu. Katika mtihani wa Novemba 2024 zaidi ya asilimia 92 ya watahiniwa nchini walihesabiwa kuwa wamefaulu, lakini waliopata daraja la I hadi III walikuwa takriban asilimia 43. Maana yake, karibu nusu ya watahiniwa wote walipata daraja la IV: wana cheti, na bado hawajui cheti hicho kinawapeleka wapi. Juu ya hapo yamekuja mabadiliko mfululizo: tahasusi mpya (michanganyiko ya masomo matatu ya kidato cha tano na cha sita), mkondo wa amali unaounganisha masomo na ufundi, mikopo ya vyuo vya kati, na sera ya elimu iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023. Katika ukanda wa Shinyanga na Geita liko jambo jingine la kuweka kwenye hesabu, nalo ni machimbo ya dhahabu, ambayo hayamwulizi kijana daraja lake.

Uchambuzi huu unaeleza mfumo ulivyo, unapima njia nne zinazogombaniwa na familia baada ya kidato cha nne, kisha unatoa hukumu.

Usuli: mfumo uliojengwa kwa tabaka

Muundo wa miaka minne ya sekondari ya kawaida na miwili ya sekondari ya juu Tanzania iliurithi kutoka kwa Waingereza. Ulibuniwa kwa nchi yenye shule chache, na mtihani ulikuwa chekecheo la kumpata kijana mmoja kati ya wengi. Baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanza mwaka 2004, shule za kata zilisambaa nchi nzima. Mwaka 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne ikaondolewa, na mwaka 2022 ikaondolewa ya kidato cha tano na cha sita. Watoto wakaongezeka maradufu na zaidi, na vizingiti vya mbele vikabaki na sura ileile ya chekecheo.

Namna ya kuyapima matokeo nayo imeyumba. Matokeo ya mtihani wa 2012, ambamo takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri, yalizua mtikisiko hadi yakafutwa na kupangwa upya. Ukaja mfumo wa wastani wa alama, GPA, uliowachanganya wazazi kwa maneno yake mapya, na mwanzoni mwa 2016 Serikali ikaagiza madaraja yarudishwe. Katika familia moja, basi, mtoto wa kwanza anaweza kuwa na cheti cha madaraja, wa pili cha GPA na wa tatu cha madaraja tena. Vyuo hukubali kuvisoma vyote kwa vigezo tofauti kulingana na mwaka, na ndiyo maana ushauri wa kaka aliyemaliza 2014 unaweza kumpotosha mdogo wake wa leo.

Wazo la amali nalo halikuzaliwa juzi. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, sekondari za miaka ya 1970 ziligawanywa kwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Karakana nyingi zilikufa kwa kukosa vifaa, na mtihani wa mwisho uliendelea kumtukuza aliyefanya vizuri darasani. Historia hiyo inatakiwa kukumbukwa tunapoupima mkondo mpya.

Hesabu ya daraja, na kile inachokificha

Kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba bora. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la I, 18 hadi 21 la II, 22 hadi 25 la III, 26 hadi 33 la IV, na 34 au 35 ni sifuri. Mwanafunzi mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, hivyo yumo daraja la IV. Mwenye C moja na F sita ana pointi 33 vilevile. Wote wawili wanahesabiwa katika ufaulu wa taifa, ingawa walichokielewa ni somo moja au mawili.

Daraja, hata hivyo, halisemi ni masomo gani. Tuchukue wanafunzi wawili wa mfano. Wa kwanza ana C tano katika Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia na Uraia, D ya Biolojia na F ya Hisabati. Fizikia na Kemia aliziacha alipomaliza kidato cha pili. Ana pointi 24, daraja la III. Wa pili ana C ya Kiswahili na D sita: Fizikia, Kemia, Biolojia, Hisabati, Kiingereza na Jiografia. Ana pointi 27, daraja la IV. Mtaani wa kwanza anapongezwa na wa pili anapewa pole.

Fungua sasa mwongozo wa udahili wa vyuo vya afya. Stashahada ya utabibu inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Mwenye daraja la III hana sifa, mwenye daraja la IV anazo. Ukija upande wa kidato cha tano mambo yanageuka: kinachotakiwa ni alama C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, yakilingana na tahasusi. Wa kwanza anakwenda, wa pili anabaki. Daraja lilipanga nani awe mbele ya nani, na masomo ndiyo yaliyoamua kila mmoja aingie wapi.

Kidato cha sita kuna mtego wa namna hiyohiyo. Hapo A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, kwa masomo matatu ya tahasusi. Mwenye D, E na S ana pointi 15, daraja la III. Mwenye D, D na F naye ana pointi 15, daraja la III lilelile. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutumia kipimo chake: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kizingiti cha chini ni prinsipo mbili (alama ya E au zaidi) zenye jumla ya pointi 4.0 katika masomo yanayotambulisha kozi. Mwenye D mbili ana pointi 4 na amevuka. Mwenye D na E ana pointi 3 na amekwama, ingawa F hana hata moja. Ufaulu wa kidato cha sita hutangazwa kuwa zaidi ya asilimia 99, na bado kila mwaka wapo wenye vyeti ambao hakuna chuo kikuu kinachoweza kuwapokea moja kwa moja.

Baada ya kizingiti cha chini kuna ushindani. Kuwa na sifa ni ruhusa ya kuomba nafasi, na waombaji wa udaktari au uhandisi ni wengi kuliko viti.

Njia ya kwanza: kidato cha tano na cha sita

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Ndiyo inayomfikisha mtu chuo kikuu kwa muda mfupi: miaka miwili ya tahasusi, kisha shahada. Ada ya shule za serikali imeondolewa. Mwenye matokeo ya juu katika sayansi anaweza kupata ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23. Tena tahasusi zimeongezwa: Machi 2024 Serikali ilitangaza mpya 49, zikafanya jumla ya 65, kutoka sayansi na biashara hadi lugha, sanaa, michezo na elimu ya dini.

Udhaifu wake haujadiliwi vya kutosha. Kwanza, peke yake cheti cha kidato cha sita hakina ujuzi wa kuajiriwa ndani yake. Aliyekwama hapo ametumia miaka miwili kurudi kwenye vyuo vilevile ambavyo vingempokea akiwa na kidato cha nne. Pili, shule za serikali za ngazi hii ni za bweni na uchaguzi ni wa kitaifa. Mtoto wa Ibadakuli anaweza kupangiwa Ruvuma au Tanga, na nauli, godoro, sare na vifaa ni mzigo kwa familia inayotegemea pamba na ng'ombe wachache. Tatu, wingi wa tahasusi una bei yake. Tahasusi mpya inapendeza kwenye orodha, lakini kabla ya kuichagua ni lazima kujua ni kozi ngapi za shahada zinazoitaja. PCB, PCM, EGM au HGL zimezoeleka kwa kila ofisa udahili. Tahasusi changa haijawa na njia ndefu nyuma yake.

Njia ya pili: chuo cha kati

Wanaoipendelea njia hii husema: kwa nini kupoteza miaka miwili? Kijana mwenye D nne zinazofaa anaingia chuo kinachosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, anapitia ngazi ya 4 na ya 5 za astashahada, na ndani ya miaka mitatu anatoka na stashahada, ngazi ya 6. Ana taaluma mkononi na mlango wa chuo kikuu bado uko wazi: TCU hukubali stashahada yenye GPA ya 3.0 na kuendelea, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Tangu mwaka 2023/24 Bodi ya Mikopo (HESLB) imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo afya, ualimu wa sayansi, uhandisi, kilimo na madini.

Kwa Shinyanga njia hii ina faida ya ukaribu. Manispaa na viunga vyake vina chuo cha afya cha Kolandoto, Chuo cha Ualimu Shinyanga, na tawi la Kizumbi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Mtoto akisoma akirudi nyumbani jioni, gharama inashuka sana.

Mapungufu nayo yapo. Vyuo vya kati vya binafsi hutoza ada, na mkopo haumfikii kila mwombaji. Ubora unatofautiana, kwa hiyo usajili wa chuo na ithibati ya kozi lazima vikaguliwe kwa NACTVET kabla ya kulipa shilingi. Ualimu una masharti yake: vyuo vya serikali hutaka daraja la I hadi III, hivyo D nne hazitoshi. La mwisho ni kubwa kuliko yote: stashahada haifuti historia ya kidato cha nne. Mwenye stashahada ya utabibu anayetaka kusomea udaktari wa shahada huulizwa tena alama zake za Fizikia, Kemia, Biolojia, Hisabati na Kiingereza. Mwanafunzi wetu wa pili, aliyepewa pole kwa pointi 27, anazo zote tano. Aliyeacha Fizikia kidato cha pili atagongana na uamuzi huo hata akiwa na miaka thelathini.

Njia ya tatu: ufundi, amali na machimbo

Hapa makundi mawili huchanganywa na yanastahili kutenganishwa. La kwanza ni ufundi wenye cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hutoa tuzo za ufundi stadi (NVA) kwa ngazi tatu, na mwenye NVA ya tatu pamoja na cheti cha kidato cha nne hukubaliwa katika baadhi ya kozi za stashahada. Mkondo wa amali ulioanza kidato cha kwanza Januari 2024, katika shule zilizoteuliwa, unamfundisha mwanafunzi masomo ya kawaida na fani moja kwa pamoja, akipimwa na NECTA na NACTVET. Wanafunzi wa mwanzo wa mkondo huo wanafika kidato cha nne mwaka 2027.

Nguvu ya amali ni kwamba hakuna anayetoka mikono mitupu. Udhaifu wake ni uleule wa michepuo ya 1970: bila karakana, vifaa na walimu wa fani, amali itakuwa nadharia ya uchomeleaji iliyoandikwa ubaoni. Wazazi wengine wanahofia kwamba mtoto wa amali amefungiwa chuo kikuu. Kwenye sera hajafungiwa. Kwa vitendo, itategemea ni masomo gani ya sayansi ataendelea nayo sambamba na fani yake.

Kundi la pili ni machimbo yenyewe. Ni kosa kuyadharau, kwa sababu yanashindana na shule kwa hoja inayoeleweka: fedha ya leo. Kijana wa Mwakitolyo, Kakola au Nyarugusu anaona wenzake wakiingia duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, wakiponda mawe kwenye karasha, wakiosha mwaloni na kununua pikipiki kabla mwenye kidato cha sita hajapata barua ya chuo. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, na mengine kufuata, hata mchimbaji mdogo anauza kwa bei inayojulikana. Kwa familia yenye deni, hoja hiyo si ya kubezwa.

Lakini kipato cha duara ni cha bahati, na rashi (mmiminiko wa wachimbaji) ikihamia kijiji kingine mwenye mtaji ndiye anayehama nayo. Vifusi huporomoka, zebaki inaathiri mwili kimyakimya, na sheria inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 katika kazi za namna hiyo. Migodi mikubwa nayo haichukui mtu kwa nguvu za mikono pekee. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za 2018 zinaitaka itangulize wazawa, ila mzawa huyo anatakiwa awe fundi mitambo, fundi umeme, mpimaji au mtaalamu wa maabara. Programu ya mafunzo ya ufundi migodini ya IMTT, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ushirikiano wa VETA Moshi na kampuni za madini, iliundwa kujaza pengo hilohilo.

Mgodi wenyewe una umri. Buzwagi, pale Kahama, ulianza uzalishaji 2009 na ukafungwa 2021. Aliyeondoka na cheti cha umeme au mitambo alikwenda nacho mgodi mwingine, reli au kiwanda. Aliyeondoka na uzoefu usioandikwa popote alianza upya. Ibadakuli yenyewe ina uwanja wa ndege na kituo cha kupoza umeme kinachopokea njia kuu ya gridi kutoka Iringa. Watoto hupita karibu na nyaya hizo kila siku wakienda shule, na kazi zilizo ndani ya uzio huo zinaanza na Hisabati na Fizikia.

Njia ya nne: kurudia mtihani

Kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea kuna maana pale tu lengo linapokuwa dogo na wazi. Mwenye daraja la IV aliyekosa D moja ya Kemia ili aingie chuo cha afya akirudia Kemia na kuipata, mwaka wake haukupotea. Anayerudia masomo saba kwa matumaini ya kupanda daraja, bila mwalimu, maabara wala ratiba, kwa kawaida anarudia pia matokeo. Zaidi ya hapo, uchaguzi wa serikali wa kidato cha tano huwalenga watahiniwa wa shule, hivyo aliyerudia na kupata sifa mara nyingi hulazimika kutafuta shule binafsi na kulipa. Kwa mtu mzima aliyeikosa njia ya kawaida, kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria ni daraja jingine la kuingilia shahada, nalo lina masharti yake ya alama.

Kwa nini wengi wanakwama palepale

Sababu ya kwanza ni Hisabati. Kitaifa, watahiniwa wanaofaulu somo hilo kidato cha nne wamekuwa karibu robo tu. F ya Hisabati inafunga uhandisi, uhasibu, takwimu, uchumi na kozi nyingi za sayansi kwa mkupuo mmoja, na hakuna somo jingine lenye madhara mapana kiasi hicho.

Ya pili ni lugha. Mtoto wa Ibadakuli mara nyingi ameanza na Kisukuma nyumbani, akasoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akakutana na Kiingereza katika karibu kila somo. Mjadala wa kubadili lugha ya kufundishia ni wa miongo mingi na una hoja nzuri pande zote: Kiswahili kingeongeza uelewa, Kiingereza kinarahisisha vitabu na vyuo. Wakati mjadala unaendelea, mtoto aliyeko darasani leo atafanya mtihani kwa Kiingereza, na msaada wa lugha katika kidato cha kwanza una faida kuliko tuisheni ya haraka ya kidato cha nne.

Ya tatu ni uchaguzi wa masomo usio na mshauri. Kwa utaratibu uliozoeleka, Fizikia na Kemia zilikuwa za lazima hadi kidato cha pili, kisha za hiari. Shule yenye uhaba wa walimu wa sayansi, isiyo na maabara inayofanya kazi, na inayopimwa kwa wastani wa ufaulu, ina kishawishi cha kuwasukuma wanafunzi wa kati kwenye masomo ya sanaa. Shule inapandisha wastani, mtoto anapunguziwa milango. Mwalimu anayefanya hivyo anafuata kipimo alichowekewa. Mtaala mpya, unaomtaka mwanafunzi achague mkondo wa jumla au wa amali anapoingia kidato cha kwanza, unausogeza uamuzi huo mapema zaidi, kwa mtoto mdogo zaidi.

Ya nne ni kalenda. Mtihani unaisha Novemba, matokeo ni Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni miezi minane mitupu katika ukanda wa dhahabu. Kijana anakwenda machimboni "kwa muda", anashika fedha, na Julai ikifika barua ya shule inashindana na duara. Kwa msichana miezi hiyo ina hatari nyingine, kwani Shinyanga kwa muda mrefu imekuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ndoa za utotoni. Inafaa kukumbusha kwamba tangu Novemba 2021 aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni.

Makaratasi yanayomwangusha aliyefaulu

Sehemu hii ni fupi, lakini inawagharimu wengi. Fomu ya Selform anayojaza mwanafunzi wa kidato cha nne ndiyo inayotumiwa na TAMISEMI kumpangia tahasusi au chuo. Ikijazwa kwa kuigana, matokeo mazuri hupelekwa mahali pabaya. Kwa vyuo vikuu, maombi hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo, na aliyechaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya muda. Asipothibitisha, nafasi inapotea.

Mkopo una mlolongo wake. HESLB hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi. Jina lililoandikwa "Masanja" kwenye cheti cha kuzaliwa na "Massanja" kwenye cheti cha kidato cha nne linaweza kumtuma mtu kwa wakili kula kiapo wakati dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Kosa hilo hurekebishwa kwa urahisi zaidi kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne.

Mizani

Majirani wamechagua mizani tofauti. Kenya iliondoa kidato cha tano na cha sita chini ya mfumo wa 8-4-4, na wastani wa C+ katika mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, ukawa mlango wa chuo kikuu. Mtu mmoja, mtihani mmoja, alama moja: ni rahisi kueleweka, lakini mtihani huo mmoja unabeba uzito wa kutisha, na Kenya yenyewe sasa inahamia mtaala wa umahiri wenye mikondo katika sekondari ya juu. Uganda imebaki na ngazi mbili kama sisi. Hakuna muundo usio na gharama. Wa kwetu una njia nyingi za kuingilia, na gharama yake ni kwamba unamtaka mzazi awe na taarifa nyingi.

Je, kiwango cha kufaulu kipandishwe, ili anayeambiwa amefaulu awe amefaulu kweli? Wanaotaka hivyo wana haki ya kusema D mbili ni kidogo. Wanaopinga nao wana haki: ukimwita wa pointi 33 sifuri, unamnyang'anya hata ile C moja inayoweza kuunganishwa na mafunzo ya ufundi. Suluhisho lililo karibu zaidi ni kutangaza takwimu mbili kwa pamoja na kwa sauti moja: waliofaulu, na waliopata sifa za kuendelea, kwa kila shule.

Kwa familia, njia hizi hazipangwi kwa heshima, zinapangwa kwa alama na lengo. Mwenye C imara katika masomo yote matatu ya tahasusi, na anayelenga shahada, aende kidato cha tano bila kusita. Mwenye C za kubahatisha na D nne zinazofaa achague chuo cha kati, kwa sababu huko anajenga ujuzi na haachi kuelekea shahada. Mwenye mikono mizuri kuliko kalamu achukue ufundi wenye cheti, akiwa na Hisabati yake. Anayerudia arudie somo moja au mawili yanayofungua mlango anaoujua. Machimbo yanaweza kuwa mtaji wa kusomea, endapo mtu ni mtu mzima na ameweka tarehe ya kutoka; hayafai kuwa mpango wa mtoto wa miaka 16.

Hitimisho

Mkanganyiko wa leo umetokana na mambo matatu: chekecheo la zamani linalotumika kwa wanafunzi wengi wa sasa, takwimu ya ufaulu inayoficha sifa, na uamuzi wa masomo unaofanywa mapema bila ushauri. Shinikizo litaongezeka. Chini ya mtaala mpya elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, hivyo Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Halmashauri za Shinyanga na Geita, zinazopokea ushuru wa huduma kutoka migodini, zina sababu ya kuelekeza sehemu ya fedha hiyo kwenye maabara, walimu wa Hisabati wa kujitolea na washauri wa masomo kabla ya mwaka huo kufika.

Mzazi naye asingoje Januari ya matokeo. Mtoto akiwa kidato cha pili, aende shuleni aulize anaendelea na masomo gani, nani ameyachagua, na yanafungua kozi zipi. Akigundua kwamba Fizikia, Kemia au Hisabati inaachwa kwa sababu tu ni ngumu, huo ndio wakati wa kubisha.